Gunia Ambalo Mdogo Wangu Alisema Ni Lake

Mchungaji wetu ameniambia mara tatu niache hasira, na mara tatu nimemjibu kwamba nitaiacha siku mdogo wangu atakaporudi nyumbani. Yeye hutikisa kichwa na kusema hasira haijengi. Najua haijengi. Lakini wanaonihubiria upole walikaa kimya siku tuliyowahitaji waseme, kwa hiyo mahubiri yao nayasikiliza kwa sikio moja.

Pale Kashikishi, ufukoni mashua zinaposhusha samaki, kila mwanamke anayeuza chisense ana uzi wake. Chisense ni dagaa wa ziwa letu la Mweru, wadogo kuliko kidole. Tunawaanika juani, tunawajaza kwenye magunia, na gunia likijaa tunalishona mdomo. Mimi nilishona kwa uzi wa bluu. Mdogo wangu alichagua kijani kwa sababu ndio uliobaki dukani siku aliyoanza biashara, na baadaye akajisifu kwamba aliuchagua mwenyewe. Wengi wetu hatujui kuandika, lakini leta magunia mia uyapange barabarani na kila mama atakwenda moja kwa moja kwenye la kwake.

Uzi wa mtu haufunguliwi na mwingine. Ukinipa gunia nikupelekee mjini Mansa kwa basi, ninalibeba lilivyo na kulifikisha lilivyo, na mpokeaji hutazama mishono kabla hajanisalimu. Kufungua gunia la mwenzio ni kumfunua nguo mbele za watu. Nimewahi kuona wanawake wawili waliozaliwa na mama mmoja wakiachana kwa jambo hilo, na hadi leo hawaketi benchi moja.

Kuna sheria nyingine, na hii ndiyo iliyotuua. Ukiwa njiani na gunia la mtu, na askari akauliza ni la nani, unajibu kwamba ni lako. Husemi nimetumwa, husemi mwenyewe yuko Kashikishi. Gunia lisilo na mwenyewe barabarani linashushwa, linasahauliwa juani, na mwisho wake linapikwa na watu usiowajua. Basi unasema ni langu. Ikitokea shida, habari itamfikia mwenye gunia, naye atakuja mbio kusema, hapana, ni langu mimi, mwacheni huyo. Hizo ni nusu mbili za ahadi moja. Mbebaji anashika nusu yake, mwenyewe anashika ya kwake.

Nimeiona ikifanya kazi. Mwaka mmoja, msimu uvuvi ulipofungwa, nilikamatwa na gunia la mama mmoja wa ufukoni kwetu, mzaliwa wa Kilwa, ile Kilwa ya ng'ambo, upande wa Congo. Samaki wake walikuwa wadogo mno, wa kuvuliwa kwa nyavu zilizokatazwa. Nikasema ni langu, nikakalishwa chini ya ukuta tangu asubuhi. Alasiri yule mama alifika juu ya baiskeli ya kukodi, matope hadi magotini, akipiga kelele tangu mbali kwamba mwenye kosa ni yeye. Alilipa faini yake, akaninunulia soda, tukarudi tukicheka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba desturi yetu ilikuwa upumbavu tangu mwanzo.

Sisi tulivuka mwaka 2017, mimi na mdogo wangu, kwa mashua iliyojaa watu kupita kiasi, tukikimbia bunduki. Tulipokelewa kwenye mahema ya Kenani, kisha tukapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi msituni, tukapewa shamba la kulima mihogo. Mihogo inachelewa, njaa haichelewi. Tukaanza kushuka Kashikishi kutafuta kazi ya kuanika samaki wa watu. Huko ndiko tulikokutana na mwanamke ambaye nitamwita Mama wa Kwaya, maana ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Na yeye ni Mkongomani, ila alivuka zamani, na sisi tulipofika alikuwa tayari na nyumba ya matofali.

Sitamnyima haki yake. Alitupa sufuria ya kwanza. Alitufundisha Kibemba cha sokoni, namna ya kupunguza bei bila kutukana. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kike, na baba wa mtoto amekwenda kutafuta kazi migodini ng'ambo na kupotelea huko, Mama wa Kwaya alikuja na uji siku saba mfululizo. Sufuria ile bado ninayo na bado napikia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikilisema neno hilo juu ya watu wengine.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mdogo wangu alipanda basi la Mansa na magunia matatu. Mawili yalikuwa na uzi wa kijani. La tatu lilikuwa na uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, uzi wa Mama wa Kwaya. Mimi nilibaki na mtoto, aliyekuwa na miaka mitatu na homa ndogo.

Kwenye kizuizi cha barabarani walikuwapo walinzi wa wanyamapori pamoja na polisi. Walishusha magunia na kuyachoma kwa nondo nyembamba. Kwenye dagaa nondo huingia bila shida. Kwenye gunia la tatu iliingia kidogo, ikagonga kitu, ikasimama. Mlinzi akauliza ni la nani. Mdogo wangu akasema ni langu. Mlinzi hakuwa mtu mbaya, hata yeye mdogo wangu anakiri. Aliuliza tena kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akamwambia, mama, fikiri vizuri. Mdogo wangu akasema ni langu. Wakaandika, wakamwekesha dole gumba kwenye karatasi, ndipo wakakata uzi.

Juu kulikuwa na dagaa, kina cha kiganja kimoja. Chini yake magamba ya kakakuona, makavu, ya rangi ya kahawia, mengi hata yalipomwagwa kwenye turubai yalifika juu ya kifundo cha mguu. Kakakuona ndiye yule mnyama ambaye Wabemba humwita nkaka, anayekula mchwa na kujikunja duara akiogopa. Hana meno, hana mbio. Mdogo wangu aliniambia kwamba mengine yalikuwa madogo kama ukucha wa mtoto. Alirudia hilo mara nyingi kuliko jambo lolote lingine, akiniita Yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Kama ya mutoto, Yaya. Kama ukucha ya mutoto."

Nilimkuta kituo cha polisi cha boma kesho yake. Walitupa nafasi ya kuongea kwenye benchi la nje, askari mmoja akiwa pembeni anakula mhogo wa kuchoma.

"Ni ya Mama," aliniambia. "Alinipatia asubuhi, na uzi yake, ile nyekundu na nyeupe."

"Na we ulisema nini?"

"Nilisema ni yangu. Ningesema nini?"

"Uende ubaambie kweli! Sasa hivi!"

"Atakuya, Yaya. Ungojee kidogo. Mama atakuya ye mwenyewe."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, amekaa na mikono mapajani, kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Nami, Mungu anisamehe, nilimwamini. Nilijiambia pengine Mama wa Kwaya hajasikia. Siku ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Kashikishi nzima ilikuwa imesikia, hata wanaoshona nyavu upande wa pili wa bandari, na yeye peke yake ndiye hakuwa na masikio.

Nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta akipiga pasi sare ya kwaya kwa pasi ya makaa.

"Mama," nikamwambia, "ile mufuko yako imemufunga mudogo yangu."

"Mufuko gani, mama?"

"Ile ya uzi nyekundu na nyeupe."

Aliinua pasi, akaipulizia majivu, akaishusha polepole. "Mie nashonaka na nyeusi," akasema. "Kila mutu anajua."

Nikageuka. Kweli, karibu na mlango palikuwa na magunia mawili yameshonwa kwa uzi mweusi, mpya, unang'aa. Mwanamke huyu alikuwa ametumia uzi ule ule tangu nilipomfahamu, na kwa siku tatu akageuka mtu mwingine. Nilitaka kucheka. Kisha akaniambia, "Tutamuombea. Nitaweka jina yake mu priere ya jumatano." Nilitoka bila kuaga, maana ningebaki, ningeishika ile pasi.

Watu hunisema kwamba namlilia mdogo wangu na kusahau wanyama. Sisahau. Sisemi alibeba mchicha. Nilipokuwa mtoto, upande wa Pweto kule ng'ambo, baba yangu alimkuta kakakuona kwenye njia ya shambani. Kwetu, aliyemkuta mnyama huyo hakumuua. Alimfunika kwa kikapu na kwenda kumwita mkubwa wa kijiji. Tulimsubiri mkubwa tukiwa tumekizunguka kikapu, na baba akaniruhusu niingize mkono. Nilidhani magamba yatakuwa baridi. Yalikuwa na joto la jua, na chini yake kitu kilikuwa kinapumua haraka haraka. Alikuwa jike, na mwanawe amemshika mkiani. Mkubwa alifika, akamtazama muda mrefu, akasema arudishwe alikotoka. Tukamrudisha, watoto wote tukifuata nyuma tumenyamaza. Ilikuwa siku kubwa.

Sasa hakuna anayemwita mkubwa. Niliuliza kwenye makazi yetu, nikauliza kwa ujanja, nikijifanya nataka kuuza. Jirani yangu mmoja, anayetega swala kando ya mbuga, aliniambia bila haya kwamba kuna mtu hupita na chumvi na sabuni. Unampa kakakuona, anakupa vipande viwili vya sabuni. Magamba mengine huja kwa mashua kutoka ng'ambo, ndani ya samaki, kwa sababu harufu ya chisense inamshinda hata mbwa wa polisi. Nilimuuliza kama anajua yanakwenda wapi. Hakujua. Husemwa ni dawa, nikamuuliza ya nini. Hakujua. Alijua sabuni tu. Mnyama aliyepona simba na moto wa msitu, akauzwa kwa sabuni ya kufulia kaptura. Mjinga yule nilimtukana hadi mkewe akatoka jikoni.

Lakini yeye angalau ni mjinga maskini. Mama wa Kwaya hakuwa mjinga wala maskini. Na yuko mwingine juu yake, na mwingine juu ya huyo, wenye mashati yaliyonyooka, ambao hawajawahi kumwona kakakuona akiwa hai na hawatamwona. Hao hakuna nondo inayowachoma.

Mdogo wangu alihamishiwa gereza la mbali, safari ya siku nzima, kungoja kesi. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona, basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi. Tukashushwa wote, tukafunguliwa mizigo, mama mmoja akaulizwa juu ya kuku wake. Nyuma yetu ikaja gari kubwa la wawindaji, matope hadi madirishani. Ndani alikuwamo mzungu mzee mwenye kofia, na dereva, na kijana mmoja wa kazi. Nyuma palikuwa na pembe za nyati, na juu ya pembe ngozi ya chui, kichwa kikiwa bado kimo, mdomo wazi. Wanaume walishuka kwenye basi kwenda kuiangalia.

Askari aliuliza vya nani. Mzungu akasema vyangu. Akatoa karatasi zenye mihuri, askari akazisoma, akapiga saluti, akainua kizuizi. Waliondoka kabla yule mama hajamaliza kueleza habari za kuku wake.

"Ana kibali," akasema abiria mmoja aliyesimama karibu nami, kwa sauti ya kunifundisha.

"Na chui alitia sahihi?" nikamuuliza.

Watu walicheka, mimi sikucheka. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimesikia maelezo yote, kwamba pesa za wawindaji zinalinda mbuga, kwamba anauawa mmoja wapate kuishi kumi. Pengine ni kweli, mimi si msomi. Ninachojua ni kwamba watu wawili walisimama mbele ya kizuizi na mnyama aliyekufa, wote wawili wakasema ni wangu, na mmoja alisema kweli akapigiwa saluti, na mwingine alisema uongo kwa kumheshimu mwenzake akatiwa pingu. Na chui hakuwa amemkosea mtu yeyote, sawasawa na kakakuona. Aliuawa apate kutundikwa ukutani, sebuleni kwa mtu, karibu na televisheni.

Gerezani mdogo wangu alikuwa amekonda. Aliuliza habari za mtoto, akauliza kama mvua ya kwanza imenyesha, halafu akauliza, "Mama alienda kwa polisi?" Nikamwambia uzi sasa ni mweusi. Aliingiza vidole kwenye wavu uliotutenganisha. Halafu akasema, "Pengine anaogopa. Siku ya kesi atakuya." Nilitaka kumpiga kibao kupitia ule wavu.

Nikaamua kutafuta shahidi mwenyewe. Haikuwa rahisi, kwa sababu kila mama ufukoni alijua uzi mwekundu na mweupe ni wa nani, na kila mama akawa haujui. Mmoja tu alikubali, mwanamke wa Kibemba, mjane, ambaye kichanja chake cha kuanikia kiko ubavuni mwa kichanja cha Mama wa Kwaya. Alikuwa amemwona akilishona gunia lile kwa mkono wake asubuhi ile. Alinijia mwenyewe, mchana, nikiwa nageuza samaki.

"Nitasema," aliniambia kwa Kiswahili chake cha biashara. "Mimi iko na binti. Nitaenda boma, nitasema nililoona."

Nilimshika mikono nikalia. Wakili wa msaada, kijana aliyetumwa na mahakama, alisema shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha kumtia hakimu shaka. Zilibaki wiki mbili. Ningekaa kimya wiki mbili tu, nikageuza samaki wangu, nikafunga mdomo.

Sikuweza. Hili ni kosa langu na sitampa mtu mwingine alibebe. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilifika ufukoni, nikamkuta Mama wa Kwaya amesimama na magunia manne ya uzi mweusi, akingoja lori, akiimba. Hakuwa akiimba kwa sauti, ni ule mnong'ono wa mtu anayekumbuka sauti ya pili ya wimbo. Sijui kwa nini kuimba kule kuliniingia hivyo. Nilikuwa na kisu cha kupasulia samaki mkononi. Nikalifuata gunia la kwanza nikakata uzi, mishono yote, toka pembe hadi pembe, nikalipindua.

Akina mama walipiga ukelele mmoja. Mimi niliingiza mikono ndani ya rundo nikitafuta magamba. Dagaa. Nikafukua hadi chini. Dagaa. Nikakata la pili, nikalipindua juu ya la kwanza, nikapiga magoti mchangani nikichambua kwa vidole kama kuku. Dagaa watupu, safi, wamekauka vizuri, hata mchanga hawakuwa nao. Bila shaka ni dagaa. Mwanamke mwenye akili ya kubadilisha uzi angeweka magamba pale wiki moja kabla ya kesi?

"Sasa umefurahi?" Mama wa Kwaya aliniuliza. Hakupaza sauti. Hakuhitaji.

Wanawake walikuwa wameshapiga magoti, wanamkusanyia samaki wake, wanapepeta mchanga. Hakuna aliyenitazama usoni. Mmoja wao, mkubwa kuliko sisi wote, aliniambia bila kuinua kichwa, "Hata kama ameiba, mama. Hata kama ameua. Uzi ni uzi." Yule mjane alikuwa miongoni mwao. Alikusanya dagaa kwenye kanga yake, akawamimina ndani ya gunia, akarudi kuchukua wengine. Nilimsubiri jioni. Alinipita. Siku ya pili alituma mtu kuniambia kwamba macho yake ni mabovu na hakumbuki vizuri aliona nini.

Walichoogopa nakielewa, ndiyo maana nakasirika zaidi. Ukiondoa uzi, sisi tuna nini? Hatuna duka, hatuna gari, wengine hatuna hata nchi. Tuna neno letu kwamba mzigo wako nitaufikisha bila kuuchungulia. Mama wa Kwaya alilijua hilo kuliko wote. Alichukua kitu kimoja chema tulichokuwa nacho, akakijaza mizoga, akakishona mdomo na kumtwisha mdogo wangu. Na mimi kwa kisu changu nikawafanya akina mama wamwonee yeye huruma.

Kesi ilisikilizwa boma. Nilimbeba mtoto mgongoni. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, mwenye kuuliza jambo mara mbili. Mkalimani wa Kiswahili alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kashikishi, mtu tunayemfahamu. Magamba yaliletwa ndani ya ndoo mbili, na chumba kikanuka samaki.

Mama wa Kwaya alikuja. Alikaa benchi la tatu, amevaa sare yake iliyopigwa pasi, na akina mama wanne wa kwaya ubavuni. Mdogo wangu alipomwona uso wake ulibadilika. Ninaapa, alitabasamu. Nilielewa mara moja alichofikiri, ya kwamba amekuja kushika nusu yake.

Wakili alieleza kwamba mshtakiwa alitumwa, kwamba hakujua kilichomo. Hakimu akauliza kama kuna shahidi. Hakukuwa na shahidi. Niliinuka mimi, nikaeleza habari ya nyuzi zetu, mkalimani akatafsiri akitazama sakafu, na mwendesha mashtaka akasema huyu ni dada yake, atasema nini tena. Hakimu hakuridhika. Alivua miwani, akamgeukia mdogo wangu mwenyewe. Alisema: nataka nisikie kwako. Gunia hili ni lako, au kuna mtu mwingine aliyekupa? Kama yupo, mtaje, hata kama yumo humu ndani.

Mkalimani akatafsiri. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, hilo nalishuhudia.

Mdogo wangu aligeuka akamtazama Mama wa Kwaya, akangoja. Alingoja muda mrefu, hata karani akainua kalamu. Alikuwa anampa nafasi. Mama wa Kwaya aliufungua mkoba wake, akatafuta kitu ndani, akaufunga. Mdogo wangu akamgeukia hakimu.

"Ni yangu," akasema.

Mdomo huponza kichwa, nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini sikujua kichwa kinaweza kutolewa hivi, kwa hiari, huku mwenyewe amesimama wima. Hakimu alivaa miwani yake. Sheria ya mnyama huyo haina mlango wa pembeni. Alipewa miaka mitano.

Waliniruhusu dakika chache ukumbini, kabla gari la gereza halijageuzwa. Nilidhani atalia. Nilidhani atamwomba mtoto. Nilimsogezea mtoto, naye akamgusa mguu tu, kwa mikono iliyofungwa, halafu akanikazia macho mimi.

"Yaya. Banasema ulifungula mufuko ya Mama."

"Kweli. Mbili."

"Mbele ya bamama bote?"

"Mbele ya bote."

Alifumba macho. Nimemjua tangu siku aliyozaliwa, nikamwosha, nikambeba, nikavuka naye ziwa, na sikuwahi kumwona amenionea haya hadi siku hiyo.

"Mie nilimungojea asimame," akasema. "Hakusimama. Ile njo zambi yake, atajibu kwa Mungu. Mie sikuvunja kitu." Askari akamshika mkono, akamvuta. Alikwenda hatua mbili, akageuka. "Uende umuombe pardon, Yaya. Juu ya mutoto. Atakula nini, bakikukatala ku mashua yote?"

Gari likaondoka. Akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama nje kwenye kivuli cha ukuta, wakinitazama, na katikati yao yupo yeye, ameweka mkoba tumboni, anasubiri. Alikuwa na uhakika kwamba nitakwenda. Nilimpandisha mtoto vizuri mgongoni nikapita upande wa pili wa barabara. Mpaka leo sijaenda, na mtoto anakula mihogo.